Mawe ya Njiani Ugiriki

Mwaka 2019, miezi michache baada ya kumzika mume wangu Houston, Marekani, binti yangu alinipeleka Ugiriki kutembea kwa miguu. Sikumwelewa. Mimi nilitembea kutoka Fizi, Kongo, mpaka ziwani nikiwa na mimba yake, tukavuka kwenda kambini Tanzania, na tangu hapo nilijihesabu nimemaliza kutembea. Kumbe kuna watu wanaomba likizo, wanapanda ndege, ili wakapande milima na mzigo mgongoni wakati basi lipo. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Yeye anafanya kazi ya shirika la ndege uwanjani, karibu na tunapokaa Irving, saa nne kwa gari kutoka Houston, na wazazi wa wafanyakazi husafiri karibu bure. Alinipeleka kwa sababu aliogopa. Sikuwa nimelia. Kwenye matanga, kwa shemeji yangu Sharpstown, mtaa wa Houston, wanawake waliimba mpaka sauti zikakauka, na mimi nilikaa kwenye godoro nikiwaza kama wali unaungua. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, lakini ukiubinya hausikii.

Kulikuwa na jambo ambalo binti hakulijua. Kabla yake tulikuwa na mtoto wa kiume. Homa ilimuua njiani tukikimbia, tukamlaza chini ya mawe, tukaendelea. Tulikubaliana tusimtwike binti mzigo huo. Ila mume wangu, siku nyingine akiwa anamenya viazi jikoni, alikuwa akinisomea kwa kichwa njia ya kwenda pale kwenye mawe, na mimi namsahihisha. Tulikuwa wawili tunaojua. Sasa nilibaki mmoja, tena mwenye presha.

Kwa safari nilifunga unga, sufuria ndogo, na karatasi zetu zote za uhamiaji kwenye mfuko wa plastiki tumboni. Binti akacheka, akatoa sufuria. Unga niliuficha.

Tulikuwa na kiongozi, mama wa Kigiriki mwenye miguu myepesi, na Wamarekani wastaafu wenye fimbo za chuma. Kila penye mandhari walisimama kupiga picha. Bahari ilikuwa ya buluu kweli. Niliiona. Nikasubiri waimalize.

Kisiwa cha pili, juu ya mlima, nilikuta rundo dogo la mawe kando ya njia. Nikaweka mzigo chini, nikaokota jiwe, nikaliongeza, nikasema pole. Wakati ule wa kukimbia kila mpita njia alifanya hivyo. Hukuuliza aliyelala pale ni nani. Mbele kidogo, rundo jingine. Nikaongeza jiwe. Halafu jingine. Yote madogo, ya watoto. Mwishowe nikamwambia binti amwulize kiongozi: watu wa hapa walikuwa wanakimbia nini?

Kiongozi hakuelewa. Binti ndiye aliyeelewa.

“Mama, hakuna mtu ndani. Ni mawe tu. Ziko zina-show njia, watu wasipotee.”

Wamarekani wakatabasamu kwa upole. Nikapandwa na hasira, kitu cha kwanza kukisikia tangu mazishi. Hasira ya pole zangu zote nilizowapa mawe matupu.

“Kwa nini ulifikiri ni kaburi?” akauliza.

Ningeweza kumjibu lolote. Lakini nikawaza: moyo ukisimama hapa, kwenye kisiwa hiki cha watu, yule mtoto anabaki kule bila mtu.

“Kwa sababu kaka yako amelala chini ya mawe kama haya.”

Akakaa chini, katikati ya njia. “I had a brother?”

“Unaye.”

Wengine wakatangulia. Nikaanza kumpa njia ya kufika kwa kaka yake. Akatoa simu aandike, nikamkataza. Simu huibwa, huanguka majini. Nikamwambia aweke kichwani. Tuliteremka mlima wote akiirudia, na visiwa vilivyobaki akavipita akisema peke yake kama mtoto wa katekisimu. Bahari sidhani kama aliiona tena.

Tuliporudi aliendesha gari mpaka Houston, kwenye kaburi la baba yake. Makaburi yao kule ni ya kulala sawasawa na nyasi, kibao tu, ili mashine ya kukata majani ipite juu. Hakuna mahali pa kuongeza jiwe. Binti alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye kibao.

“Papa,” akasema, “ukitoka kwa shule ya matofali, unashuka mpaka kwa mto. Unavuka. Unaona mwamba wenye kupasuka. Unashika mkono wa kuume…”

“Kushoto,” nikamwambia.

“Kushoto. Iko juu kidogo. Maji haifikake.”

Machozi hayakuja hata hapo. Lakini tulikuwa wawili tena.