Maneno Niliyoyakata

Mfasiri wa kanisani husimama nusu hatua nyuma ya mhubiri, upande wa kushoto, na hatakiwi kuwa na mawazo yake. Mimi nilisimama hapo miaka kumi na moja, na mawazo nilikuwa nayo tele, mengi yakiwa juu yangu mwenyewe.

Kanisa letu liko mtaa wa Mutakura, pembeni mwa jiji. Nusu ya watu ni ndugu waliokimbia Kongo, wanaosali kwa Kiswahili. Nusu nyingine ni Warundi wenzangu, na kati yao wapo wazee waliotoka milimani ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Mimi nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, mlango wa pili kutoka gereji, kwa hiyo Kiswahili nilikinywa pamoja na uji, na Kirundi nikakipata kwa mama. Mtu akisema Kiswahili nakitoa Kirundi, akisema Kirundi nakirudisha Kiswahili. Bila mimi, upande mmoja wa kanisa ungekaa tu kuangalia midomo ya watu.

Walinisifu sana. Walisema mhubiri anapika lakini mimi ndiye ninayepakua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilianza kutia yangu polepole. Mhubiri akisema jambo baridi, naliongezea moto. Akirefusha, nafupisha. Hakuna aliyenirekebisha, maana kwetu mfasiri hakatizwi mbele ya watu, ni aibu, na hata wanaojua lugha zote mbili hujisemea kwamba Roho ndiye aliyemwongoza. Mahubiri ya unyenyekevu nimeyatafsiri mara nisizoweza kuhesabu, na kila mara niliyatafsiri vizuri mno.

Kisha akaja yule dada. Alikuwa mjane kijana kutoka ng'ambo ya mpaka, na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa akilala kwenye baraza ya nyumba aliyopanga mama mmoja wa kwaya. Jumapili yake ya pili aliombwa asali. Alisali kwa Kiswahili chake cha kwao, polepole, bila kupiga kelele, na kabla sijafungua mdomo wale wazee wa Kirundi wakaanza kufuta machozi. Wakalia kabla sijatafsiri! Nilisimama na mikro yangu ya kusemea mkononi nikiwa sina kazi. Mchungaji alipochukua nafasi alicheka akasema, "Uyu dada, ata asiyejua Kiswahili anamusikia." Kanisa zima likacheka kwa furaha. Mimi nilitabasamu kwa meno tu, moyoni nikamchukia.

Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kulipamba. Ulikuwa wivu. Nilimwonea wivu mwanamke aliyevaa kitenge kimoja wiki nzima. Nikiwa nyumbani kwangu, mtaa wa Bwiza, nakaanga vitunguu, nilijikuta nabishana naye peke yangu, nikimwambia kwamba machozi si kipawa, kwamba hata kitunguu kinaliza.

Jumapili iliyofuata aliomba kutoa ushuhuda. Nilisimama nusu hatua nyuma yake, na mtoto akanitazama juu ya bega la mama yake. Dada alisema hivi, nayakumbuka yote:

"Bandugu, mi sina mengi. Mwenye nyumba amesema mpaka siku ya posho tutoke kwa baraza. Nikikosa pa kulala narudia kule kwetu, na wale waliua bwana yangu bado wanatembea kule, wananijua sura. Kama kuna mutu ana kapembe tu, ata jikoni, anisaidie mi na uyu mutoto."

Siku ya posho kwao ni Jumamosi. Upande wa Kiswahili ulikuwa unalia tayari. Lakini wengi wao ni wakimbizi, chumba kimoja watu saba. Wenye nafasi walikuwa upande wa pili. Na kwenye benchi la mbele alikaa bibi mmoja mjane, Mrundi kutoka Kayanza, ambaye watoto wake walimjengea nyumba yenye chumba cha nje kisha wakahamia mbali. Miezi miwili kabla ya hapo bibi huyo alikuwa amesimama akaomba kanisa limwombee Mungu ampe mtu wa kukaa naye, kwa sababu jioni hasikii kitu ila vikombe vyake mwenyewe. Ombi lile nililitafsiri mimi, kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilijua.

Wazee wakanigeukia, wakingoja. Dada naye alinigeukia, na uso wake ulikuwa unasema asante kabla sijafanya lolote. Nikasema kwa Kirundi, "Dada anamshukuru Mungu kwa kumfikisha hapa, na anaomba mumkumbuke katika maombi." Basi. Nilitaka tu asiwalize tena. Nilijiambia mambo ya nyumba ni ya kamati ya wamama, si ya madhabahuni, tutayazungumza baadaye. Wazee wakaitikia "Imana ishimwe," Mungu asifiwe, wakapiga makofi kidogo.

Waliojua lugha zote mbili hawakusema kitu. Sikuwalaumu na siwalaumu.

Baada ya ibada dada alisimama mlangoni, akingoja. Watu walipita wakimpa mkono. Bibi wa Kayanza alipofika alimshika mikono yote miwili, akaniambia kwa Kirundi, "Mwambie nitamwombea kila siku." Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Dada alimtazama bibi, akaniambia, "Mwambie asante, mama." Nalo nililitafsiri. Walikuwa wameshikana mikono, chumba na mwenye shida ya chumba, na mimi katikati yao nikawa mwaminifu kwa maneno mawili yasiyo na maana.

Nilijiambia kesho nitapita kwa bibi. Jumatatu kazi zilinibana. Jumanne nilisema hata hivyo si mimi niliyemfukuza barazani. Jumatano usingizi wa mchana ulinikataa. Alhamisi niliamua kwenda kesho yake, na kesho yake mvua ikanyesha, nikashukuru mvua. Jumamosi, siku ya posho yenyewe, niliamka mapema nikatembea mpaka Mutakura bila kunywa chai.

Yule mama wa kwaya alikuwa anafagia baraza. Mkeka haukuwepo.

"Alienda jana asubui," aliniambia. "Alivuka na wale wamama wanauzaka samaki. Nilimwambia angojee, akakatala. Alisema, 'Kanisa muzima walinisikia, mama, na akuna ata mumoja alinyanyua kichwa. Sasa nangojea nini?'"

Alidhani wamemsikia! Mpaka leo hilo ndilo linalonikaba. Si kwamba alikosa chumba tu, bali alivuka mpaka akiamini watu mia walisikia habari ya bwana yake na kapembe ka jikoni, kisha wakampigia makofi.

Nilichukua kwake namba ya simu ya dada. Niliipiga palepale barazani, haikupatikana. Niliwauliza wanawake wa samaki sokoni, wakasema waliachana naye baada ya mpaka, alipanda pikipiki. Ng'ambo sina mtu. Wapi pa kuanzia sikujua, na sijui.

Nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze, ningepata nafuu. Alifunga mlango wa nyuma ili mke wake, aliyekuwa akiosha masufuria, asisikie. Kisha akasema, "Utasema mwenyewe, mbele ya watu."

"Pasteri, si niandike, usome wewe?"

"Apana, mama."

"Basi nani atanitafsiria?"

Alinitazama kwa huruma. "Tuko na mufasiri mumoja tu," akasema.

Kwa hiyo Jumapili nilisimama mahali pa mhubiri, na kushoto kwangu hapakuwa na mtu. Nilisema kwa Kiswahili kwamba dada aliomba mahali pa kulala na mimi nikalikata ombi lake, kwa sababu nilimwonea wivu, na kwamba sasa amerudi kwa watu waliomuua bwana yake. Upande wa Kiswahili ukavuta pumzi kama mtu mmoja. Mama wa kwaya akajifunika uso kwa kitenge.

Upande wa Kirundi ulikuwa bado unanitazama vizuri. Walitabasamu, wakingoja nipakue kama siku zote. Nilikuwa nusu hatua tu kutoka kwenye njia ya kutokea: ningeweza kusema, "Namshukuru Mungu, naomba mniombee," na hakuna ambaye angenikatiza. Nilisali bila maneno, maana maneno ndiyo niliyoyaharibu. Kisha nikageuka kushoto, nikamtazama bibi wa Kayanza, nikajitafsiri. Sikupunguza kitu. Nilitafsiri hata neno wivu, ambalo kwa Kirundi lilinitoka kinywani likiwa baya zaidi kuliko kwa Kiswahili.

Hakuna aliyepiga kelele. Bibi aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida, kutoka kwenye benchi lake: mtoto anaitwa nani? Sikujua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mtoto yule, ananitazama, na sikuwahi kuuliza.

Siku hizi sitafsiri. Kuna kijana mwalimu anayejaribu, anakosea mengi, na mimi naketi nyuma na kuuma ulimi. Kiburi hakijafa. Kila akikosea kinanyanyua kichwa, nami nakikalisha chini, kesho yake kinaamka tena. Kila Ijumaa napiga ile namba. Sauti inasema kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani.

Bibi hakunisamehe kwa maneno. Wiki moja baadaye aliniita kwake. Chumba cha nje kilikuwa kimefagiwa, godoro limetandikwa, na beseni dogo la kuogeshea mtoto limeegemezwa ukutani. Akaniambia kwa Kirundi, "Kaa. Nifundishe kusema: karibu mwanangu, chumba kipo. Siku akirudi nataka nimwambie mwenyewe, pasiwe na mtu katikati."

Nikakaa. Nilimfundisha neno moja moja. Ulimi wake mzee unakwama kwenye "mwanangu", anaurudisha nyuma, anaanza upya. Sasa anajua sentensi nzima. Nikienda kumsalimia namkuta mlangoni mwa chumba kile, akiisema kwa godoro, nami nasimama nyuma yake, sina cha kuongeza.