Siku Shangazi Aliporekodiwa Shisanhang

Kwa miaka miwili nilikuwa nikisoma sheria za kamera ambazo polisi huvaa kifuani. Nilikuwa nimeandika kurasa chungu nzima za tasnifu, na sikuwahi kuona kamera hata moja ikifanya kazi. Kwa hiyo siku askari alipotokea kwenye mtaa wa nguo za jumla pale Shisanhang, jijini Guangzhou, China, akajibonyeza kifuani na kututangazia kwamba anarekodi, nilifurahi kama mtoto aliyeletewa zawadi. Aibu ni kwamba aliyekuwa anashtakiwa ni shangazi yangu.

Shangazi alikuja kutoka Mombasa kununua magauni ya harusi ya bintiye, na ndege yake ilikuwa jioni ileile. Laoban, yule mama mwenye duka, alidai gauni moja la kijani limeingia mikononi mwa shangazi na halikurudi. Shangazi akaapa, wallahi hana. Nami, mwanasheria mtarajiwa, nikajitwika kesi.

"Afande, unarekodi kila kitu?" nikamuuliza kwa Kichina.

"Kila kitu."

"Na huruhusiwi kuzima katikati?"

"Siruhusiwi. Mwanzo mpaka mwisho."

"Wala kukatakata baadaye?"

"Wala kukata." Akanikodolea macho, kama anajiuliza ni nani anayemhoji mwenzake. Sikujali. Alikuwa ananijibu sura ya tatu ya tasnifu yangu, neno kwa neno!

"Mwanangu," shangazi akasema, "mimi nashikwa, wewe wafanya mtihani?"

Akaanza kujitengeneza mtandio, maana hakutaka kuwekwa kwenye kumbukumbu za serikali ya watu akiwa shaghalabaghala. Mkono ukamgandia shingoni. Akaniinamia sikioni.

"Ninalo."

"Unalo nini?"

"Gauni. Nimelivaa ndani ya buibui. Na nimeapa, mwanangu!"

Hapo mimi, mtetezi wa rekodi isiyokatizwa, nikainua kiganja kuziba kamera.

"Zima kidogo," nikamwomba askari. "Dakika moja tu."

"Si umeniuliza sasa hivi, nikakwambia siruhusiwi?"

Wateja waliotuzunguka wakaangua kicheko. Shangazi akanisukuma pembeni, akasimama mbele ya kifua cha askari wima kabisa, kama anapigwa picha ya pasipoti, akaniamuru nitafsiri.

"Gauni ninalo. Hapa hamna chumba cha kujaribia, nikalivaa juu ya dera langu nipime mikono. Laoban akaniita nione mashela, nikarudishia buibui juu, nikasahau. Nimekosa, nisameheni."

Nguo tatu mwilini, kwa joto la Guangzhou, na mtu asihisi! Nilitafsiri huku nikijiuma midomo nisicheke. Askari akageukia ukuta bila kuzima kamera, kwa sababu mwanamke anayevua nguo harekodiwi. Laoban mwenyewe akatundika shuka la kufungia mizigo, shangazi akajificha nyuma ya shuka. Zipu ikakwama. Laoban akavuta, shangazi akalalamika kwa Kimvita, hakuna aliyemwelewa mwenzake, na mwishowe wote wawili walikuwa wanacheka hadi machozi. Gauni lilitoka limelowa jasho, na shangazi akalinunua.

Askari akasema hapa hakuna wizi. Rekodi inamwonyesha mama akikiri mwenyewe kabla hajapekuliwa, na haina mahali ilipokatika. Ingekatika hata kidogo, nani angemwamini? Akatangaza mwisho, akajibonyeza kifuani.

Nilikuwa nimelewa furaha. Njia nzima ya kwenda kituo cha treni za metro nilirukaruka na mifuko ya magauni, nikimweleza shangazi kifungu hiki na kile, jinsi sheria ilivyomwokoa. Alinisikiliza mpaka tulipofika kwenye ngazi.

"Ulipotaka kidude kile kizimwe," akaniuliza, "ulidhani nimeiba?"

"Hapana, Shangazi!" nikajibu, upesi mno.

Kamera ilikuwa imeshazimwa, lakini shangazi alikuwa akinitazama usoni.