Ekzosi ya Kuazima

Mume wangu ni mpole kupita kiasi. Akiitikia salamu lazima umsogelee ndipo umsikie, na tangu tuoane sijawahi kumsikia akimfokea mtu, hata mimi, ambaye mara kadhaa nimestahili. Kelele zote alizonyimwa kooni alizihamishia kwenye gari. Chini yake alifunga ekzosi pana isiyo na kichujio cha moshi, kazi ya jamaa mmoja asiyeuliza maswali. Gari likikata kona kuingia Fittja, mtaa wetu, vikombe vya kabatini kwetu vilianza kusalimiana.

Nilimwambia aitoe. Jirani wa juu naye alimwambia, kwa adabu ya Kiswidi, yaani kwa karatasi iliyobandikwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo zima bila kumtaja mtu. Aliyekuwa upande wake ni mmoja tu, mama yake.

Mama mkwe alikuja kuishi nasi macho yakiwa yameshaingia ukungu. Kiswidi hajui, lifti haiamini, na tukienda kazini hubaki peke yake na redio. Saa ya ukutani haioni. Kilichomwambia kwamba siku imekwisha ni ekzosi ile. Akiisikia maegeshoni aliinuka, akapapasa hadi jikoni, akabandika chai, na mwanawe alipofungua mlango birika lilikuwa limeanza kuimba. Ukimuuliza mume wangu kwa nini hataki kuitoa, atakueleza habari ndefu za nguvu za injini. Mimi nilijua ni chai ile. Ekzosi ikitoka, mama angebaki gizani kabisa.

Shida ilikuwa besiktning, ule ukaguzi wa magari usiomsahau mtu hapa. Wanaingiza mrija kwenye ekzosi, wanapima moshi, na gari kama letu wangelikataa likiwa bado nje ya geti. Lakini watu wetu hawakosi njia. Sisi mmoja akinunua gari likamfaa, wote tunanunua lile lile, kwa hiyo kutoka mtaa wa Hallonbergen hadi wa Norsborg kulikuwa na magari ya aina moja yenye makelele ya aina moja. Na kulikuwa na ekzosi moja ya kiwandani, nzima, kimya kama mgeni wa siku ya kwanza, mali ya mzee mmoja Mrundi wa Norsborg. Unaiazima, unaifunga, unakaguliwa, unaifungua, unairudisha, kama masufuria ya shughuli.

Tena ilikaa na hayo masufuria stoo moja, kwa sababu mke wa mzee ndiye mtunzaji wa vyombo vya harusi na misiba yetu yote. Tulipokwenda kuichukua alikuwa ameiviringisha kwenye kitenge kikuukuu.

"Muirudishe ikiwa safi," alisema. "Watu wanarudishaga vitu na masizi."

"Dada, hili ni bomba la moshi," nikamwambia.

"Hata sufuria inakaaga ku moto, na tunaioshaga."

Mume wangu alishinda Jumamosi chini ya gari, na jeki, na spana, na nati zilizoshika kutu. Jumatatu tukaenda kukaguliwa. Mimi niliandamana naye kwa sababu mume wangu akidanganya hutokwa jasho, na lazima awepo mtu wa kumpa leso.

Taa zikapita, breki zikapita, moshi ukapita. Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliliinua gari kwa mashine akaingia chini na tochi. Akakaa huko muda. Kisha akatuita.

"Hili ua," aliuliza, "nani amelichora?"

Tukainama. Kwenye tumbo la ekzosi palikuwa na ua dogo jekundu la rangi ya kucha. Mume wangu alikuwa amelala chini yake Jumamosi nzima asilione, maana sisi ua hilo tumeshalizoea. Kila sufuria ya yule dada ina ua lile, kila mwiko, kila kigoda, ili shughuli ikiisha kila kitu kirudi kwake. Ekzosi inaazimwa, basi nayo akaitia alama. Ukilitazama jambo hili kutokea jikoni, ni akili timamu kabisa.

"Nililiona chini ya gari la bluu," mkaguzi alisema bila kutabasamu. "Nikaliona chini ya jeupe. Juzi lilikuja na jekundu. Ni ekzosi nzuri sana. Nafikiri sasa ipumzike."

Leso yangu ilipata kazi. Gari lilipita, kwa kuwa kilichokuwa chini yake kilikuwa halali. Ila alipotupa funguo aliongeza, kwa upole uleule, kwamba naye hukaa upande wetu na masikio yake ni mazima.

"Za mwizi arobaini," nikamwambia mume wangu njiani. Wiki hiyohiyo alitafuta ekzosi ya kimya kwa wauza magari mabovu, akaifunga, na ile ya ua ikarudi Norsborg ikiwa imesuguliwa hadi inang'aa.

Jioni ya kwanza tuliingia nyumbani bila mlio wowote. Mama alikuwa kitini, mikono mapajani, uso ameuelekeza dirishani. Ufunguo ulipogeuka alishtuka.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mwizi ndiye huingia hivyo," alisema, akainuka upesi kwenda jikoni, kwa aibu ya mtu aliyekutwa na wageni bila maji motoni. Akajigonga goti mezani. Mume wangu akasimama mlangoni na koti lake, na mimi, mwenye utani wa kila jambo, sikuwa nao. Niliumia sana.

Kesho yake alizima gari, akashuka, akaenda kusimama chini ya roshani yetu. Mtu huyu ambaye salamu yake haifiki meza ya pili akajaza kifua.

"Hodi!"

Bwana mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama. Mbwa naye akasimama. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nikampenda upya.

"Hodiii!"

Mlango wa roshani ukafunguka. Mama akatoka taratibu, akashika chuma, akategesha sikio.

"Karibu," aliitikia. Kisha akaipima ile sauti. "Leo umechoka, mwanangu. Nini kimekupata huko kazini?"

Mume wangu alinitazama, macho yamejaa machozi. Ile ekzosi, pamoja na makelele yake yote, haikuwahi kumwambia mama jambo hilo.