Kibofu Kitupu

Kibofu kilikuwa kitupu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Jioni ile hospitalini nilikuwa nimempima kwa eko mwendesha toleka, teksi ya baiskeli, aliyegongwa na pikipiki kwenye barabara ya Bangboka. Ncha ya usukani ilikuwa imemchoma chini ya mbavu za kushoto na kuacha alama ya duara. Nilitafuta damu, ambayo kwenye picha ya eko, ile ya ndani ya tumbo, huonekana nyeusi. Sikuiona, nikaandika: hakuna maji wala damu tumboni. Nilipolala ndipo nikakumbuka kwamba muuguzi alikuwa amemtuma kukojoa kwanza, mkojo upimwe. Damu hupenda kukusanyika nyuma ya kibofu, na kibofu kisipojaa mahali pale hapaonekani vizuri. Nililijua hilo, liliwahi kuulizwa kwenye mtihani. Lakini daktari mkuu alikuwa amesimama mlangoni akichezesha funguo, nami nikaandika.

Labda hamna kitu, nilijiambia. Labda nikirudi watanicheka tu. Nikageuka upande wa pili, nikaanza upya.

Asubuhi nilimkuta amekwisha vaa shati. Mjomba wake, mvuvi wa Yanonge, alikuwa akikunja mkeka; mtumbwi wao ulikuwa ukingoja mtoni. Daktari mkuu alikuwa amesaini karatasi ya kutoka.

"Unaumwa wapi?" nikamuuliza mgonjwa.

"Tumbo kidogo tu. Ila bega ya kushoto, nikilala, inaniuma sana."

Bega lile halikuguswa na pikipiki. Wengu ukivuja damu, maumivu huweza kupanda hadi pale.

"Umekojoa leo?"

"Bado."

"Basi lala tena, nikupime."

Mafuta ya eko yalikuwa yamekwisha tangu wiki iliyopita. Tulitumia wanga wa muhogo niliokuwa nikiupika mwenyewe kwa maji, mzito kama fufu, ugali wetu. Nilipoumwaga, mjomba akaangua kicheko kikali.

"Muone! Mademoiselle docta anamupikia fufu ku tumbo!" Kisha akaacha kucheka. "Jana ulisema hakuna kitu. Leo unatafuta tena. Kesho utasema iko na mimba? Pirogi iko inatungoja."

"Papa, nipe dakika tano."

"Jana ulikuwa nazo."

Nikaweka kipimo tumboni. Nyuma ya kibofu kulikuwa na weusi wenye ncha. Nikapandisha mkono hadi kwenye wengu: ukanda mwingine mweusi. Mapigo ya moyo wake yalikuwa yakienda mbio.

Nikamwita daktari mkuu. Alitazama kioo cha eko, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi.

"Alors, nifuate macho yako ya jana ao ya leo?"

"Ya leo, docta."

"Nilisaini juu ya maneno yako. Ukitaka nipasue hii karatasi, andika kwanza kosa ni la nani. Na ile kazi unayoomba hapa, bon, usiniulize tena."

Muuguzi akajifanya anapanga glovu. Ningeweza kuandika kwamba damu imeanza leo. Nani angejua? Nilikuwa na sentensi tatu za namna hiyo kichwani, zote nzuri. Lakini mjomba alikuwa amemshika mgonjwa mkono ili amwinue, na kila dakika niliyoipoteza kuchagua maneno ilikuwa damu yake.

Nikaandika chini ya mstari wangu wa jana: "Nilipima kibofu kikiwa kitupu. Kosa ni langu. Leo kuna damu. Asitoke, apasuliwe."

Nikampa daktari mkuu daftari, nikaenda kuivuta machela mwenyewe.