Boriti ya Mlandege

Watu wanadhani kubomoa ni kazi ya wenye misuli. Wanaita wanaume wawili na nyundo kubwa, kisha wanasimama pembeni wakipiga picha kwa simu. Kubomoa nyumba nzima, sawa, hata katapila litabomoa. Lakini kutoa ukuta mmoja katikati ya nyumba ambayo watu bado wanalala na kupika ndani yake, ukaacha kila kitu kingine mahali pake, kunataka mtu anayejua kilichomo ndani ya zege bila kukiona. Katika nyumba moja ya Mlandege, pale Iringa mjini, mtu huyo nilikuwa mimi. Ndiyo maana niliogopa.

Nyumba hiyo niliijenga mwenyewe, miaka ishirini na kitu iliyopita, nilipotoka Uyole, kule Mbeya, kutafuta kazi Iringa. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa mipango. Juu ya korido alitaka zege la kubebea tangi la maji, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa yanakuja siku yakipenda. Na ukuta uliotenga korido na sebule alitaka siku moja uweze kuondolewa. Kwa hiyo juu ya ukuta huo akaagiza boriti ya zege yenye nondo nne nene, ili ukuta ukitoka, boriti ibebe mzigo peke yake. Nondo alizinunua yeye. Siku ya kumwaga zege alikuwa safarini, na mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alizigusa moja moja kwa kidole kabla ya kwenda kazini. Zilikuwa nne.

Alipokwisha kuondoka nilizitoa zote. Nikaweka mbili nyembamba, nikamwaga zege. Wasaidizi wangu waliona wakanyamaza, maana mbeba ndoo hamkosoi fundi. Jioni Mwalimu alikuta boriti imefunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, akaniambia, “Asante, fundi, Mungu akubariki.” Nikaitikia amina. Nilijiambia kwamba ukuta upo chini, boriti haina kazi yoyote. Na kweli, miaka yote hiyo ukuta ndio uliobeba.

Mwaka jana Mwalimu alinipigia simu. Mumewe alikuwa ameshafariki, na miguu yake yeye ilikuwa imeanza kumkatalia. Alitembelea fremu ya chuma yenye miguu minne, na korido ilikuwa nyembamba. Kwenda chooni tu ilikuwa kugombana na kuta. Sasa alitaka ukuta ule utoke.

“Kamwene, fundi,” alinisalimu. “Nimekutafuta wewe kwa sababu hakuna anayeijua nyumba hii kukuzidi.”

Nilikwenda, kutoka Uyole nilikokuwa nimesharudi kuishi. Niligongagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, nikainama, nikainuka, nikajifanya napima. Kisha nikamwambia hautoki, zege la juu limekula unyevu. Mwalimu alinitazama jinsi alivyokuwa akiwatazama watoto waliosema daftari limesahaulika nyumbani.

“Marehemu alisema utatoka.”

“Marehemu hakujua habari za unyevu, Mwalimu.”

Nilimsingizia mtu aliyelala kaburini, tena ndani ya sebule yake. Kisha nikarudi Uyole nimefurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kabisa, nikaona nimemaliza jambo na hakuna aliyeumia.

Haikupita wiki mbili akanipigia tena. Amepata fundi mwingine, mtu mzima, anayejenga hata maghorofa, naye ameangalia na kusema kazi hiyo ni ya siku mbili. Wanaanza kesho asubuhi.

“Usininunie, baba,” alisema. “Nilitaka tu unikumbushe nyaya za umeme zinapita upande gani, wasije wakapigwa shoti.”

Nikamkumbusha. Nikasema zinashuka kulia kwa mlango, usawa wa kiuno. Nikamwambia wafunike makochi pia, vumbi ni jingi. Nikamtakia kazi njema. Simu ilipokatika nilibaki nimesimama kwenye banda langu la mbao, nikajiona mtu wa ovyo kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, na nimefanya kazi na wengi wa ovyo. Nilikuwa nimemlinda na shoti ya umeme na kumwacha chini ya tangi la lita elfu moja. Ile methali ya kuziba ufa wanapenda kunitajia watu ambao hawajawahi kushika mwiko. Ufa mimi nilikuwa naujua tangu mwanzo. Nilichokosa ni mdomo.

Alfajiri nilipanda basi la kwanza. Nilimpigia simu tukiwa Igawa, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena Makambako. Kumbe aliiweka kabatini ikae mbali na vumbi, lakini mimi ningejuaje? Kabla ya Mafinga lori lilikuwa limekwama barabarani na magari yamejipanga nyuma yake, dereva wetu akazima injini, akashuka kununua mahindi ya kuchoma. Nilimfokea mbele ya abiria. Alinijibu kwa utulivu kwamba kama nina mabawa niruke. Baridi ilikuwa kali na mimi jasho linanitoka kwapani. Kila dakika niliona tofali moja linatoka.

Pale Ipogolo nilirukia bodaboda kupanda mjini. Kabla hata hatujasimama mbele ya geti nilisikia nyundo, tindo likila tofali, tena kwa mwendo wa mtu asiye na wasiwasi.

Nilipoingia sebuleni, mistari mitatu ya tofali za juu ya ukuta ilikuwa imeshatoka, kutoka mlangoni hadi karibu na dirisha. Boriti ilikuwa hewani. Yule fundi alikuwa ameweka mrunda mmoja tu, mti wa kuishikilia, kwa adabu tu. Katikati ya boriti kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kutoka kwenye ufa huo ulikuwa unashuka unga wa plasta, kidogokidogo, bila kukatika.

“Acheni kugonga!” nilisema. “Acheni!”

Fundi alishuka kwenye ngazi bila haraka. “Karibu, mzee. Wewe ni nani?”

“Mimi ndiye niliyejenga.”

“Basi wewe ndiyo unajua. Mama ameniambia zimo nondo nne, za milimita kumi na sita. Sasa hofu ya nini?”

Nilikuwa nimepanga kumwambia Mwalimu peke yake, polepole, pengine kwa kuzungukazunguka. “Hazimo,” nilisema.

“Hazimo nini?”

“Nondo hazimo. Nilizitoa mimi.”

Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, upande wa pili wa korido, fremu ya chuma iligonga sakafu mara moja. Mwalimu alikuwa humo. Walimwambia ajifungie asije akavuta vumbi. Madirisha yote yalikuwa na grili, na njia pekee ya kutoka ilikuwa ile korido, chini ya tangi.

Fundi alitazama juu na uso wake ukabadilika. Hakunitukana. Alitupa tindo, akaita wenzake walete mirunda yote iliyokuwa uani. Mimi nilikimbilia jikoni nikafungua bomba, nikafungua la bafuni, nikafungua la nje, nikarudi kufungua la chooni. Tangi lilikuwa limejaa mpaka juu. Maji yalitoka kwa uzembe kana kwamba yana siku nzima, yakafurika kwenye karo, yakapita uani mpaka barabarani. Jirani mwanamke aliita kutoka ng’ambo ya ukuta kuuliza kama tumepasua bomba.

“Mwalimu,” niliita, “usitoke bado.”

“Nipo,” alisema.

Tulisimamisha mirunda sita, tukaikaza kwa kabari za mbao, tukizigonga kwa ngumi na viganja kwa kuogopa mtikisiko wa nyundo. Ule unga ulipungua, lakini haukuacha kushuka. Nilipanda ngazi nikagonga tangi kwa vidole. Lilikuwa bado na maji karibu nusu. Tulikubaliana kungoja. Kisha tukasikia zege linalia, mlio mfupi, na fundi akaniambia kwa sauti ya chini, “Mtoe sasa.”

Nilifungua mlango. Mwalimu alikuwa amesimama tayari, kitenge mabegani. Aliweka fremu mbele, akaifuata. Akaiweka tena, akaifuata. Mimi nilikwenda ubavuni mwake, mkono wangu nimeuinua juu ya kichwa chake kama mjinga, kana kwamba mkono wangu ungezuia nini. Katikati, pale pale chini ya ufa, mguu mmoja wa fremu ulinasa kwenye mrunda. Nilitaka kuivuta kwa nguvu. Mwalimu akanishika kifundo cha mkono, akairudisha nyuma mwenyewe, akaigeuza upande, akapita. Unga mweupe ulikuwa umemwagikia nywele zake.

Tulimkalisha nje juani. Fundi na wenzake walirudi kuongeza mirunda, wakatuacha wawili. Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikaanza kuomba msamaha. Akaninyamazisha kwa kiganja.

“Uliziuza?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Ziko wapi?”

Nilimweleza. Wakati ule nilikuwa najenga nyumba yangu Uyole. Ardhi ya kwetu hutikisika mara kwa mara, na siku moja ilitikisika kabla sijapaua, ukuta ukachanika, nami nilikuwa na watoto wadogo. Nilizikunja zile nondo, dereva wa lori akanibebea hadi Mbeya. Nilizilaza kwenye boriti ya chumba cha watoto.

“Na boriti hiyo ina ufa?”

“Haina. Hata mmoja.”

“Wanao wangapi wamelala chini yake?”

“Wanne, Mwalimu.”

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, taratibu, kwanza shavu moja, kisha la pili. Bomba la uani lilikuwa bado linamwaga maji karibu na miguu yetu.

“Wangu watano,” alisema. “Na wote walipita humo kila siku kwenda kulala.”