Mlango Aliouona Anselme

Bi Huguette Perraud alikuwa ameliona bonde letu lote, ila kwa ubavu. Hivyo ndivyo walivyomtania wazee wanaosubiri gari la mkate mbele ya kanisa. Muulize kushoto kuna nini, atakwambia. Muulize kulia, atakwambia hata mti gani umekauka. Muulize mbele, atakwambia kuna koti la Anselme. Naye alikuwa akicheka pamoja nao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Tangu reli ilipong'olewa na njia yake kumwagwa lami kwa ajili ya baiskeli, yeye na mumewe walipanda baiskeli moja, ile ya watu wawili. Anselme alikaa mbele kwenye usukani, Huguette nyuma. Kabla ya hapo hakuwahi kupanda baiskeli kabisa. Barabara ya bondeni ina malori ya mchanga na matrekta, na aliyaogopa tangu utoto. Kwenye njia ya reli haliingii gari. Upande mmoja unao mto, upande wa pili mizabibu, na kelele kubwa utakayoisikia ni kengele ya mtu anayeomba kukupita.

Baiskeli yenyewe waliipata kwa wageni, mume na mke Waholanzi waliokuwa wakizunguka nayo mabonde, mpaka wakagombana mbele ya nyumba ya akina Perraud. Mume alidai mke hakanyagi, mke akadai mume hajui njia. Walirudi kwao kwa treni ya kutoka mjini, kila mtu na behewa lake. Baiskeli ikabaki, na katoni mbili za mvinyo mweupe zikaondoka.

Mimi nilimfahamu Bi Huguette nilipoolewa hapa. Nilipangiwa naye mstari mmoja wa mizabibu, wakati wa baridi, tukipogoa. Yeye alikuwa akisukuma toroli la pipa lililokatwa nusu, ndani yake tunachoma matawi tuliyokata, na vidole vikifa ganzi tunaviota hapo. Anselme alikuwa amefariki majira hayohayo ya baridi, moyo wake ulisimama akiwa anavaa viatu. Bi Huguette hakulia mbele yangu. Alikuwa tu akianza kusema jambo kisha anageuka kutazama nyuma, kama mtu aliyesahau kitu mezani.

Safari zao nilizijua zote kabla mwanangu hajazaliwa, kwa sababu alinisimulia mstari hadi mstari. Kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya mwisho wa mavuno. Wakishakula karamu ya wavunaji, zile soseji zilizopikwa kwenye makapi ya zabibu, na majani yakishageuka manjano, walikuwa wakienda mpaka kwenye handaki la zamani la treni. Wanalipita lote, wanatokea bonde la pili, wanakula jibini la mbuzi kwenye jiwe lililo pale nje, wanarudi. Ilikuwa lazima waende kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, maana kuanzia siku hiyo handaki hufungwa malango pande zote mbili. Majira yote ya baridi linakuwa la popo, wapate kulala.

Na humo ndani Bi Huguette aliogopa kila mwaka. Hakuna taa. Maji yanadondoka kutoka juu, yanakuingia shingoni. Basi giza likishawafunika tu, Anselme alikuwa akisema, bila kugeuka, "Nauona mlango." Alisema mlango wa kutokea ni mdogo, kama kitufe cha shati jeupe. Na Huguette, aliyekuwa haoni chochote ila mgongo, moyo wake ulitulia, akakanyaga.

"Sauti yake ninayo," aliniambia kwenye karamu ya mavuno ya mwaka huu, huku kelele za wavunaji zimejaa banda zima. "Sauti haijanipotea. Ila kile kitufe, mwanangu, sikukiona hata mara moja. Nataka nikae mbele nikione."

Nilimwambia tutakwenda. Nilisema haraka, jinsi mtu anavyosema kwenye karamu. Yeye aliuweka uma wake chini na kunitazama kuhakikisha kama nimesema kweli.

Kulikuwa na haraka nyingine mbali na ya popo. Mwanawe Régis, anayeishi Lyon, alikuwa ameshaiahidi ile baiskeli kwa duka la kukodisha pale stesheni ya zamani. Angekuja na gari siku ya sikukuu, aweke maua kwenye kaburi la baba yake, kisha aibebe. Kwenye simu alimwambia mama yake kwamba kitu kizima kinaozea kwenye ghala la mapipa ya mvinyo bila faida, na yeye mama hawezi kukiendesha. Bi Huguette hakumbishia. Alikata simu akaja kwangu na koti tayari.

Tulianza kujifunza palepale stesheni, penye tambarare. Yeye mbele, mimi nyuma. Kiti cha mbele kilikuwa bado kwenye urefu wa Anselme, na Bi Huguette miguu haikufika vizuri. Nilitoa spana ili nikishushe. Akaniwekea mkono juu ya spana, akasema kiache hivyohivyo. Nikakiacha. Tukaanguka kwenye upupu wa ukingoni, tukajaribu tena, tukaanguka upande wa pili.

Wazee walikuwa wamesikia habari, wakahama kutoka kanisani na mikate yao kwapani.

"Bi Huguette," mmoja akauliza, "leo mbele kuna nini?"

"Kuna nyinyi," akasema, akijifuta magoti. "Koti lilikuwa na sura nzuri zaidi."

Kesho yake asubuhi nilikuta kiti kimeshushwa. Alikishusha mwenyewe, peke yake. Mlingoti wake ulipozama kwenye bomba palibaki pete ya kutu iliyokwanguka, kutu ya miaka yote kilipokuwa juu. Alikuwa akiigusa kwa kidole gumba kila tuliposimama. Siku hiyo tulifika mpaka kwenye daraja la mto bila kuanguka, na Bi Huguette akasema hakujua kwamba daraja linakuja polepole namna ile. Kwake daraja lilikuwa kitu kinachotokea ghafla pembeni.

Halafu ikanyesha mvua, ikanyesha tena, siku zikaliwa. Ilipokatika ilikuwa mkesha wa sikukuu. Mwanangu nilimwacha kwa mama mkwe, ambaye alitutazama tukipanda akasema watu wawili wasiojua baiskeli moja, afadhali tungekwenda kwa miguu tukawahi.

Njia ilikuwa na majani mengi yaliyoloa. Mizabibu ilikuwa ya rangi ya kutu juu vilimani na manjano chini, na ukungu umeulalia mto kiasi kwamba ng'ombe wa ng'ambo walionekana vichwa tu. Hapakuwa na mtu. Wasafiri wa kiangazi, wenye mabegi pande zote za magurudumu, walikuwa wameshaondoka kama mbayuwayu. Bi Huguette alikuwa akiniambia kila kinachokuja, jinsi alivyozoea kuambiwa: tawi, shimo, mteremko, kuku wa watu. Mimi nilitazama kushoto na kulia, na mbele nikaona koti lake la buluu. Nikaanza kuelewa maisha yake ya huko nyuma yalivyokuwa. Hupangi kitu. Unakanyaga, unapelekwa, na yule aliye mbele amejaza macho yako yote. Mtu wa namna hiyo akiondoka, anakuachia uwazi mkubwa kupita kiasi.

Kwenye lango la handaki tulimkuta mfanyakazi wa manispaa anapaka mafuta kwenye kufuli.

"Nafunga leo jioni," akatuambia. "Mkikaa sana upande ule mtalala na popo, na wao hawapendi wageni."

Bi Huguette alimwambia popo anawajua kuliko yeye. Lakini nilimwona mikono inavyoubana usukani.

Tukaingia. Mwanga wa nyuma ulitusindikiza kidogo, ukatuacha. Taa yetu ya dinamo ilitoa duara dogo, likitetemeka kwenye lami iliyoloa, na nje ya duara hilo hapakuwa na kitu. Tone la maji likanipata shingoni. Nikahisi miguu ya Bi Huguette inapungua, inapungua, mpaka ile taa nayo ikaanza kufifia, maana taa hiyo inakula nguvu za miguu. Nilijua tupo mahali gani. Ni hapa Anselme alikuwa akisema.

Nilingoja. Mimi sikuweza kuona, na baridi ilikuwa imenishika, na nilimfikiria mwanangu.

"Mama," nikasema, "unauona?"

Nilisikia pumzi yake ikitoka.

"Nauona, mwanangu. Mdogo, kama kitufe. Wewe kanyaga tu."

Nikakanyaga. Taa ikarudi. Tulikwenda katika giza lile muda mrefu mpaka nikaanza kushangaa, maana mlango unaoonekana ulipaswa kukua, na hata ukutani hapakuwa na dalili ya mwanga. Kisha nikasikia baiskeli inainama. Kona. Tulikuwa tunapinda ndani ya handaki, taratibu, kama treni zilivyokuwa zikipinda, na baada ya ile kona ndipo kuta zikaanza kuwa za kijivu.

Nje jua lilikuwa limetoka. Bi Huguette aliegemeza baiskeli, akaenda kukaa kwenye jiwe. Nilifungua jibini na mkate. Hakula. Alikuwa akiangalia lile tundu tulikotoka.

"Pale hakuna kitu," akasema. "Pale Anselme alipokuwa akisemea. Nimetazama kwa macho yangu yote. Kuna kona, mlango hauonekani mpaka uipite. Yeye alikuwa mbele, alijua."

Nilimpa kipande cha mkate akakipokea.

"Mwongo mkubwa yule," akasema. "Kila mwaka. Na yeye naye alikuwa gizani vilevile, na hakuna aliyemwambia yeye."

Akalia basi, mkate mkononi, na mimi nikakaa karibu naye bega kwa bega. Alipomaliza alikula vizuri, hata akaniambia jibini limezidi chumvi. Alisema Régis aichukue baiskeli kesho, si neno, ila wasikipandishe kile kiti. Kisha akanyanyuka akasema mikono imemchoka, mimi nikae mbele tukirudi. Nilimtazama. Haikuwa mikono. Alitaka kiti chake mara moja ya mwisho, na mgongo wa mtu mbele yake, hata kama ni mgongo mwembamba kama wangu.

Tukaingia. Kutokea upande huo kona iko karibu, na ukishaipita bado mlango wa pili uko mbali mno, na nje jua lilikuwa linashuka nyuma ya kilima, hapakuwa na mwanga wa kuuonyesha. Nilikodoa macho. Duara la taa, lami, maji. Nyuma yangu miguu yake ilianza kupungua, polepole, na taa ikaanza kufa. Alikuwa akijua ninachokiona na nisichokiona. Alikuwa anangoja tu.

"Nauona mlango, mama," nikasema.

Baiskeli ikaondoka kwa nguvu, kama mtu ameisukuma kwa nyuma, na taa ikawaka tena.