Vinywa vya Sahani ya Pili

Nong Caixia alipika wali wa wafanyakazi mia nne katika kiwanda cha sukari kando ya mto Zuo kwa miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa, binamu yake alimtafutia kazi ya kuosha vyombo vya kioo katika taasisi yetu ya maradhi ya ini hapa Nanning. Stoo ninayotunza inatazamana na mlango wa maabara yake, ndiyo maana niliyaona mengi ya haya kwa macho yangu. Mengine alinisimulia mwenyewe tukila tambi za asubuhi.

Mwaka wa tatu hakuwa muosha vyombo tena. Alilisha seli. Kazi hiyo ilikuwa ya wanafunzi wa uzamivu, lakini wanafunzi wa uzamivu walikuwa na mambo makubwa ya kufikiri, kama vile chakula cha mchana. Seli hizo ni za saratani ya ini, zinakuzwa kwenye sahani ndogo zenye supu nyekundu yenye sukari. Seli ya ini iliyo nzima huweka sukari akiba na kuirudisha mwili unapoihitaji. Seli ya saratani haijui akiba. Huibugia sukari, huichoma nusunusu hata kama hewa ipo tele, na huacha ukali unaoigeuza supu kuwa ya manjano. Ukiikuta supu ya manjano asubuhi, ujue seli zimekula.

Swali lililoilisha maabara yote ni hili: nani anaiamuru seli kubugia? Profesa Pang Dingguo alikuwa na jibu kabla ya kupima. Alikuwa amechagua protini moja ambayo wanafunzi waliipa jina la Mnyapara, kwa kuwa kwa madai ya Bosi wao ndiyo iliyozisukuma nyingine zote kufungua malango ya sukari. Bosi, ndivyo walivyomwita, alikuwa mtu wa kupigwa picha. Ofisini kwake kulikuwa na picha saba akipeana mikono na watu, na darubini moja iliyofunikwa kitambaa kilichodariziwa. Kile kitambaa sikuwahi kukiona kimeondolewa.

Jaribio lilikuwa jepesi. Sahani ya kwanza, seli za saratani zisizoguswa. Sahani ya pili, seli zilizozimiwa Mnyapara. Walizipanda Ijumaa jioni kwa idadi sawa na kupima sukari Jumatatu asubuhi, kwa sababu kikao cha Bosi kilikuwa Jumatatu saa nne na hakuna aliyetaka kuja Jumapili. Kila Jumatatu sahani ya pili ilikutwa imekula nusu tu ya sukari iliyoliwa na ya kwanza. Kila Jumatatu walipiga makofi.

Caixia hakupiga. Kila asubuhi kabla ya kulisha alichukua tone kutoka kila sahani, akaliweka kwenye kioo chenye miraba chini ya darubini na kuzihesabu seli kwa kidude cha kubofya alichokuja nacho kutoka bwalo la kiwanda. Alichopata alikiandika kwenye daftari. Hakuna aliyemtuma. Mpishi asiyejua idadi ya walaji, alisema, atapika makoko au atapika njaa.

Siku moja alimuuliza Tan Junyao, mwanafunzi aliyelishika jaribio hilo.

"Junyao, hawa wa sahani ya pili umewahesabu?"

"Walikuwa sawa, Shangazi. Nilipanda mwenyewe."

"Walikuwa sawa Ijumaa. Leo ni siku gani?"

"Shangazi Nong, hii ni sayansi, si bwalo."

"Bwaloni mtu angekufukuza na mwiko."

Junyao alicheka, akaenda zake kuchora mchoro wa rangi nne. Ukiizimia seli Mnyapara, huzaana polepole. Hilo hata Junyao alilijua. Lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa mchoro wake. Lakini kuunganisha ukurasa wa pili na wa tatu ni kazi, na alikuwa na haraka ya kuhitimu.

Makala ilipelekwa kwenye jarida kubwa. Mwezi Mei majibu yalirudi, na mhakiki mmoja, ambaye jina lake hatukuambiwa, aliuliza sentensi moja tu: wakati wa kupima, kila sahani ilikuwa na seli ngapi? Alitaka karatasi ya hesabu yenye saini ya aliyehesabu.

Maabara nzima, watu kumi na wanne wenye shahada, ilipekua madaftari yake. Waliohesabu walikuwa sifuri. Ndipo Bosi alipokumbuka kwamba kuna mama mmoja anabofyabofya.

Sasa, mkataba wa Caixia ulikuwa unakwisha mwisho wa Juni. Alibakisha mwaka mmoja na miezi michache kustaafu. Anayestaafu katika taasisi huachiwa chumba chake. Anayeachishwa hukirudisha kabla mwezi haujaisha. Chumba chake kilikuwa cha chini kabisa, na aliishi humo na mama yake wa miaka themanini na mmoja ambaye hawezi ngazi hata mbili. Profesa Pang ndiye aliyekuwa wa kuutia saini mkataba mpya. Aliuweka mezani karibu na karatasi nyingine, akamwita. Mlango aliuacha wazi. Mtu kama huyo haoni sababu ya kuufunga kwa ajili ya mpishi, nami nilikuwa pale nikisubiri anitilie saini hati ya chupa za stoo.

"Dada Nong, kaa. Mama hajambo?"

"Yupo, Profesa."

"Vizuri. Hapa kuna jambo dogo. Weka jina lako hapa chini."

Caixia alivaa miwani, akaisoma karatasi yote. Sahani ya kwanza, seli laki nane. Sahani ya pili, seli laki nane.

"Hizi siyo hesabu zangu."

"Ni wastani."

"Wastani wa nini na nini? Sahani ya pili haijafika laki nne hata siku moja. Ya kawaida yake ni laki tatu."

"Dada Nong, wewe ni mtu wa vitendo. Tofauti kama hiyo haibadilishi picha kubwa."

"Wanane wakila vibakuli vinane, na watatu wakila vinne, nani mlafi, Profesa?"

 Nilimwona Bosi akikunja vidole vyake chini ya meza. Profesa wa daraja la kwanza anagawa nne kwa tatu kwa vidole.

"Walaji wachache, wamekula kidogo," akaendelea Caixia. "Lakini kila mmoja amekula zaidi ya wenzake wa sahani ya kwanza kwa theluthi. Huyo Mnyapara wenu hawasukumi kula. Anawasukuma kuzaana. Kwenye kula, labda anawazuia."

"Unajua mkataba wako unaisha lini?"

"Tarehe thelathini."

"Basi kafikiri."

"Nimeshafikiri. Siweki jina langu kwenye sufuria ambayo sijaipika."

Akavua miwani, akaondoka. Jioni ile alilichukua daftari lake, akalifunga ndani ya taulo na kulipeleka nyumbani. Lilikuwa na hesabu za asubuhi za miaka mitatu, na hapakuwa na nakala popote. Kesho yake alianza kukusanya maboksi matupu kutoka stooni kwangu. Nilimpa manane mazuri.

Kwa wiki mbili waliambiana maabarani kwamba shangazi amechanganyikiwa. Junyao alilazimika kurudia jaribio, safari hii akihesabu, na baada ya siku nne za kubofya alitoka na uso kama limau la chumvi. Wanane, watatu, vinane, vinne. Jaribio moja halimtoshi mhakiki, hesabu za Jumatatu zote zilizopita zilikuwa kwenye daftari la Caixia peke yake, na muda wa kujibu ulikuwa unaisha Julai.

Tarehe ishirini na sita Juni Bosi alishuka mwenyewe hadi chumbani kwa Caixia, akagonga. Mama mtu, ambaye ni kiziwi, alimdhania muuza gesi na kumwonyesha mtungi ulipo.

"Dada Nong, nimetafakari," alisema Profesa, amesimama kati ya maboksi. "Siku zote nilihisi kwamba Mnyapara ni breki. Tunalihitaji lile daftari."

"Naam. Kwanza mkataba."

"Hatuaminiani?"

"Tunahesabiana, Profesa."

Alitia saini juu ya boksi la sabuni. Caixia aliisoma karatasi mpaka mwisho, akaikunja, ndipo akalifungua taulo.

Makala ilitoka mwaka uliofuata. Inasema kwamba Mnyapara huzuia ubugiaji wa sukari katika seli za saratani ya ini, kinyume na yote waliyoyapigia makofi, na mwandishi wa kwanza ni Tan Junyao. Jina la Nong Caixia halimo, hata kwenye shukrani, ambako ametajwa fundi wa kiyoyozi. Profesa Pang amepata picha ya nane. Huzunguka vyuoni akiwahutubia vijana juu ya umuhimu wa kuhesabu.

Caixia alistaafu Septemba ya mwaka huohuo. Chumba ni chake. Kidude cha kubofya alimwachia Junyao mezani. Kipo bado pale, na juu yake pamewekwa kikombe cha chai.